Picha za Miji ya Kale: Kilwa Kama Inavyochorwa

Mtu aendaye leo kutazama magofu ya mji wa kale, ama kwetu pwani ama katika nchi za mbali, hakuti mawe tu. Aghalabu hukuta kando ya mawe ubao wenye picha ya rangi. Au katika jumba la makumbusho hukuta mfano mdogo wa mji uliofanyizwa kwa mti na plasta, au picha ziendazo zilizotengenezwa kwa kompyuta. Zote hutaka kuonyesha mji kama ulivyokuwa siku za uzima wake: nyumba zina dari, msikiti una watu, bandari ina vyombo. Kazi hii imeenea sana, na walimu wengi huitumia kufundishia. Basi twaona yafaa kuipima kama tupimavyo kitabu, tukiuliza ni lipi lililo kweli ndani yake, na lipi lililotiwa na mchoraji. Mfano wetu utakuwa Kilwa Kisiwani, kwa kuwa ni mmoja wa miji ya kale ya pwani iliyochimbuliwa na kuandikwa zaidi.

Neno letu, kwa kifupi, ni hili: picha nyingi za namna hiyo haziongopi katika mawe, bali huongopa katika yale yasiyokuwa mawe, na kosa hilo si dogo, kwa maana ndani yake hupotea sehemu kubwa ya watu wa mji.

Kwanza na tutazame tabia ya picha yenyewe. Maandishi na picha havisemi kwa namna moja. Mwandishi asiyejua kama nyumba fulani ilikuwa na ghorofa aweza kuandika "labda", au aweza kunyamaza. Mchoraji hana nafasi ya kunyamaza. Akichora nyumba, hana budi kuiezeka. Akichora njia, hana budi kuweka watu ndani yake. Na watu hana budi kuwavika nguo na kuwapa rangi ya ngozi. Asilolijua hulijaza kwa brashi ile ile na rangi ile ile aliyojazia analolijua, na mtazamaji hana njia ya kutenga hili na lile. Mtu akisoma kitabu huweza kubishana nacho. Lakini akiisha kuona picha, husema, "Nimeuona mji," na tangu siku hiyo akitajiwa mji ule huikumbuka picha.

Jambo hili si geni. Katika kitabu kikubwa cha tarehe ya ulimwengu cha Hartmann Schedel, kilichopigwa chapa Nuremberg mwaka 1493, zimo picha za miji mingi. Baadhi zilichorwa na watu walioijua miji yenyewe. Lakini nyingine ni kibao kimoja cha mti kilichopigwa mara kadhaa, kila mara chini ya jina la mji mwingine. Msomaji wa siku zile alitazama ukuta ule ule na minara ile ile, akadhani ameona miji mbalimbali. Hata Kilwa yetu ilipatwa na jambo linalofanana na hilo. Mwaka 1572 Braun na Hogenberg walitoa huko Cologne kitabu cha kwanza cha picha zao za miji ya dunia, na katika ukurasa mmoja waliweka Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Yeye aijuaye Kilwa akitazama ukurasa ule ataona minara na mapaa ya Ulaya yaliyopandwa juu ya kisiwa cha Afrika. Hatusemi kwamba waliofanya hivyo walikuwa waongo. Walikuwa na habari chache, na pengo la habari walilijaza kwa vitu walivyovizoea nyumbani kwao.

Walakini mtu asidhani kwamba kosa hili ni la watu wa zamani tu, au la wale walio mbali na mji wanaouchora. Huko kusini ya Ufaransa uko mji wenye kuta, jina lake Carcassonne. Katika karne ya 19 kuta zake zilikuwa zimeharibika, na tangu mwaka 1853 Viollet-le-Duc, fundi mwenye elimu kubwa ya majengo ya kale, aliongoza kazi ya kuzijenga upya. Alipima, alichora, alisoma. Kazi yake ni ya kustaajabisha. Lakini minara mingi aliiezeka kwa mapaa yaliyochongoka ya mawe membamba meusi, kama ya nchi za kaskazini, hali desturi ya upande ule wa kusini ilikuwa mapaa ya vigae yenye mteremko mdogo. Watu wengi wakamlaumu, na katika karne ya 20 baadhi ya mapaa hayo yalibadilishwa yakawa ya vigae. Tena hii haikuwa picha ya karatasi. Ilikuwa picha iliyojengwa kwa mawe juu ya mji wenyewe, ambayo mgeni hawezi kuigeuza kama ageuzavyo ukurasa. Basi ikiwa fundi mkubwa namna ile, katika nchi yake mwenyewe, alitia ya kwake pale habari zilipokoma, yatupasa sisi nasi tuziangalie sana picha za kwetu.

Sasa tuje Kilwa. Ni nini tukijuacho? Twajua si haba. Neville Chittick alichimbua kisiwani katika miaka ya 1960, akatoa vitabu viwili vikubwa mwaka 1974. Na Peter Garlake mwaka 1966 alitoa kitabu cha majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani, chenye vipimo na michoro mingi. Twajua kwamba sehemu ya kaskazini ya Msikiti Mkuu ndiyo ya kale zaidi, na kwamba ilikuwa na dari ya sakafu bapa iliyochukuliwa na nguzo. Twajua kwamba msikiti uliongezwa upande wa kusini katika karne ya 14, kisha ukaanguka kwa sehemu, na kwamba nguzo na kuba tuzionazo leo upande huo ni kazi ya karne ya 15. Twajua kwamba Husuni Kubwa, lile jumba lililo juu ya jabali kando ya bahari, lenye birika la pembe nane na vyumba zaidi ya mia, lilijengwa zamani za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, na kwamba yaonekana halikumalizika. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa katika enzi ya sultani huyo huyo, akamsifu kwa ukarimu wake.

Habari hizo zatosha kumpa mchoraji msingi mzuri. Lakini mara nyingi twaona makosa yanayorudi katika picha za miji yetu ya pwani, nasi tutayataja moja moja, bila kutaja mahali picha zilipo, kwa kuwa nia yetu si kumwaibisha mtu.

Kosa la kwanza ni kuchanganya nyakati. Picha husema kwamba ni Kilwa ya Ibn Battuta, kumbe msikiti uliochorwa una kuba zile za karne ya 15. Nyuma yake laonekana jumba la Makutani, ambalo sehemu yake kubwa ni ya karne ya 18. Na ufukweni yasimama Gereza. Gereza lile chanzo chake ni ngome ya Wareno ya mwaka 1505, na jengo lionekanalo leo zaidi ni kazi ya Waomani wa zama za baadaye sana. Ni kana kwamba mtu angechora Mtume Paulo akipanda gari moshi kwenda Rumi. Sababu yake ni rahisi kufahamu: mchoraji huyakuta magofu yote pamoja kisiwani, naye huyafufua yote siku moja. Lakini magofu husimama pamoja kwa sababu yalikufa katika nyakati mbalimbali, si kwa sababu yaliishi pamoja.

Kosa la pili ni katika vitu vya kazi na vya nyumbani. Picha zapenda kuupa msikiti mnara mrefu, hali misikiti ya kale ya pwani kwa desturi haikuwa na minara mirefu, na Msikiti Mkuu wa Kilwa ni mmojawapo. Bandarini huwekwa majahazi ya karne iliyopita, yenye tanga la pembe tatu. Mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, chenye tanga la mraba la mkeka, hauonekani, na pengine ndio uliostahili kuwekwa mbele. Milango hupigwa misumari mikubwa ya shaba, kama milango ya Unguja ya karne ya 19. Ni kweli kwamba Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, ameisifu milango ya Kilwa kwa nakshi zake. Basi mlango wenye nakshi una shahidi. Lakini shahidi wa nakshi si shahidi wa misumari. Tena vyumba huchorwa vipana kama ukumbi wa mikutano. Mwashi yeyote wa pwani angecheka, kwa maana dari ya nyumba ya mawe huchukuliwa na boriti za mkandaa, na urefu wa boriti ndio uliotawala upana wa chumba, ambao kwa desturi hauzidi mita tatu hivi. Chumba chaweza kuwa kirefu, lakini hakiwi kipana. Hapo twaona jinsi mti mmoja wa mikokoni ulivyotoa sura ya mji mzima, na jinsi mchoraji asiyeujua mti huo anavyochora mji usioweza kusimama.

Makosa hayo mawili yaweza kusahihishwa na mtu mwenye bidii. Kosa la tatu ndilo lililotufanya tuandike.

Katika picha nyingi mji wote ni mweupe, wa mawe na chokaa, kutoka ufukweni hata mwisho wa macho. Hakuna nyumba ya udongo, hakuna paa la makuti, hakuna ua wa fito, hakuna banda la jiko. Na kwa nini? Kwa kuwa mawe yamesimama na udongo umeyeyuka. Mchoraji amechora yaliyobaki, akadhani kwamba ndiyo yaliyokuwako.

Walakini mashahidi wapo, tena wengi. Ibn Battuta mwenyewe, katika maandishi yake kama yalivyotufikia, ameusifu mji wa Kilwa kwa uzuri na kwa jengo lake imara, kisha akasema kwamba majengo yake ni ya miti na kwamba nyumba zimeezekwa kwa majani. Wanazuoni wamelijadili sana neno hilo, maana katika siku zile zile jumba la mawe la Husuni Kubwa lilikuwa likijengwa. Na habari zake zilitungwa kitabu miaka mingi baadaye, zikamalizika mwaka 1355. Lakini hata tukimpunguzia ushahidi wake nusu, yeye achoraye Kilwa ya mwaka 1331 bila paa moja la majani amemkanusha shahidi aliyeuona mji kwa macho, wala hakutuambia sababu. Tena iko habari ya Mombasa. Wareno walipoiteketeza Mombasa mwaka 1505, aliyeandika habari za vita hivyo alisema kwamba mji ulikuwa na nyumba za mawe zenye ghorofa, na njia nyembamba zilizozidi kubanwa na mabaraza ya mawe mbele ya nyumba; lakini akasema pia kwamba katikati ya nyumba za mawe zilikuwako nyumba za miti zilizoezekwa makuti, na kwamba ni nyumba chache za mawe zisizokuwa na jengo la namna hiyo pembeni. Ndiyo maana moto ulienea upesi namna ile. Basi mawe na makuti hayakuwa miji miwili, mmoja wa matajiri na mmoja wa maskini ulio mbali. Yalikuwa mji mmoja, ukuta kwa ukuta.

Uchimbuaji nao wasema hivyo. Kilwa Kisiwani tabaka za chini kabisa, zile zilizotangulia nyumba za mawe kwa karne kadhaa, zina alama za nyumba za fito na udongo. Na katika Songo Mnara, kisiwa kilicho jirani, kazi iliyoanza mwaka 2009 chini ya uongozi wa Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher ilipima ardhi kwa vyombo vya kutambua sumaku, kisha ikachimbua pale palipodhaniwa kuwa uwanja mtupu kati ya nyumba za mawe. Yalipatikana mabaki ya nyumba za udongo. Mahali ambapo mchoraji wa zamani angeweka mchanga na mnazi mmoja, palikuwa na watu waliolala, waliopika, waliolea watoto.

Hapo twaomba ruhusa tuseme jambo lililotupata. Tuliwahi kuongoza wanafunzi wetu katika ukumbi mmoja wa maonyesho, ambao hatuna haja ya kuutaja. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya mji wa kale wa pwani, nzuri kwa rangi, mji wote mweupe. Katika njia zake walitembea watu wenye kanzu ndefu na vilemba, nyuso zao za Kiarabu. Watu weusi walikuwa ufukweni tu, wameinama chini ya mizigo. Mvulana mmoja, ambaye kwao ni nyumba ya udongo na makuti kama kwa wengi wetu, aliitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Mwalimu, watu wetu ni hawa wachukuzi tu?" Hatukuwa na jibu tayari. Tulimwambia kwamba ni picha tu. Lakini tuliporudi tulijua kwamba jibu lile lilikuwa baya, kwa maana sisi ndio tuliompeleka akatazame, na tulimpeleka ili ajifunze ukweli.

Ukweli ni upi? Kwa muda mrefu waliandika watu kwamba miji hii ilijengwa na wageni waliokuja kwa vyombo, na kwamba wenyeji walikuwa watumishi wao. Uchimbuaji ulionyesha mji uliokua mahali pake kidogo kidogo, kutoka udongo hata mawe. Na mwaka 2023 ilitolewa kazi ya wataalamu waliopima asili ya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya Kenya na Tanzania, Kilwa na Songo Mnara zikiwamo, kwa njia ya chembe za urithi zilizomo katika mifupa yao. Walionyesha kwamba kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili ilitoka Afrika, hasa kwa upande wa mama, na sehemu nyingine ilitoka Asia, zaidi Uajemi, kwa upande wa baba. Na kwamba kuchanganyika huko kulianza kama mwaka 1000. Basi yeye achoraye barabara yenye Waarabu watupu amekosa. Lakini kosa halisahihishwi kwa kosa la upande wa pili. Wapo siku hizi wapendao kuchora mji usio na mgeni hata mmoja, ili kumfurahisha mtazamaji wa kwetu. Nao pia wanafuta watu waliokuwako. Mvulana yule alistahili kuonyeshwa mji wa bibi aliyefinyanga na babu aliyevuka bahari, wote katika nyumba moja. Alistahili kuonyeshwa wanawake wakisokota pamba, maana vigurudumu vya udongo vya kusokotea vimechimbuliwa Kilwa kwa wingi. Na mtu mweusi mwenye kilemba akipima bidhaa, akilipwa fedha ya shaba yenye jina la sultani wa Kilwa. Hayo yote yana ushahidi mwema kuliko misumari ya shaba milangoni.

Mtu aweza kutuuliza, "Basi mwataka picha zifutwe?" La, hasha. Mgeni asiyezoea magofu huona ukuta uliovunjika, asijue kama ni chumba au ni kisima. Picha humfungua macho. Tena kuchora ni njia ya kuuliza. Mtu akisema kwa maneno kwamba sehemu fulani ilikuwa na dari, hakuna amkatazaye. Lakini akitaka kuichora hana budi kujua boriti zilikaa juu ya ukuta upi, maji ya mvua yalipita wapi, ngazi ilianzia wapi. Mara nyingi hapo ndipo hugunduliwa kwamba jambo lililosemwa miaka mingi haliwezekani. Wala hatusahau kwamba magofu yenyewe yanapungua. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 zikatiwa katika orodha ya mahali palipo hatarini, kwa ajili ya bahari iliyokula ufuko na mimea iliyopasua kuta, nazo zilitolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuzihifadhi. Watu wa Zamani Project wa Chuo Kikuu cha Cape Town wamepima magofu hayo kwa mashine itumiayo mwali wa mwanga, na kuyahifadhi kama yalivyo. Kazi kama hiyo ni amana. Lakini na tuitenge: kupima kilichopo ni jambo moja, na kukisia kilichokuwapo ni jambo lingine, ijapokuwa yote mawili hutoka katika kompyuta ile ile na yote mawili hung'aa.

Wenye elimu ya mambo haya wamekwisha kuweka kanuni. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 unasema, kwa maana yake, kwamba kutengeneza jengo la kale hukoma pale kukisia kunapoanza. Mkataba wa London, uliotolewa mwaka 2006 na kurekebishwa 2009, na Kanuni za Seville za mwaka 2011, zimeleta nia hiyo hiyo katika picha za kompyuta: mchoraji aandike alivyoamua, na kwa ushahidi gani, na mtazamaji aweze kujua lipi ni hakika na lipi ni kukisia. Kanuni ni njema. Lakini maandishi hayo ya mchoraji aghalabu hukaa katika kabati la wataalamu, na ubaoni mbele ya watu hubaki picha peke yake, haina neno. Hapo ndipo twalaumu.

Tungependa mambo manne yaonekane kwenye ubao wenyewe. Kwanza, mwaka: picha iseme ni mji wa mwaka gani, wala isichukue karne tano kwa mara moja. Pili, tofauti: kuta zilizopo zichorwe kwa rangi kamili, na zilizokisiwa kwa rangi hafifu au kwa mstari mtupu, hata mtoto aone mahali mchoraji alipoacha kujua. Tatu, picha mbili badala ya moja, pale wenye elimu wanapohitilafiana. Kwa mfano Kilwa ya Ibn Battuta yenye mawe mengi, na kando yake Kilwa ile ile yenye makuti mengi. Hakuna kitu kimfundishacho mtazamaji kufikiri upesi kama kuona picha mbili zote zikiwa na haki ya kusimama. Nne, udongo urudishwe: yeye achoraye mji wa pwani aulizwe kwanza, kabla ya kuba na nguzo, nyumba za fito ziko wapi na jiko liko wapi.

Twaongeza neno juu ya lugha, kwa kuwa majina nayo ni picha. Jina Husuni latokana na Kiarabu, na maana yake ni ngome. Mgeni aambiwapo "Husuni Kubwa" hutazamia mizinga na maaskari, kumbe palikuwa jumba la kifalme na mahali pa biashara. Watu wa baadaye, walipoona kuta nene juu ya jabali, walilipa jengo jina kwa kukisia, kama mchoraji afanyavyo. Gereza nalo, wajuzi wa lugha hulitoa katika neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Likawa ngome, kisha likawa nyumba ya wafungwa. Jambo hilo lingetufaa sisi wa misheni kulitafakari. Lakini yako maneno yasaidiayo zaidi kuliko kupoteza: boriti, zidaka, daka, baraza, ua, makuti. Waashi na waezekaji wa pwani wangali wanayatumia, na kila neno lina kazi yake na kipimo chake. Mchoraji aliyekaa siku tatu na mwashi wa Lamu au wa Kilwa angejifunza mambo ambayo hayamo katika plani ya magofu. Ajihadhari tu asidhani kwamba kila desturi ya leo ni ya karne ya 14. Ushahidi wa fundi na ushahidi wa jembe la mchimbuaji vipelekwe pamoja.

Kwenu ndugu walimu twasema hivi. Msiwanyime wanafunzi picha hizo, bali msiwaache nazo peke yao. Kabla ya kuwaonyesha mji uliochorwa, waonyesheni magofu, au plani yake, kisha waambieni wachore wenyewe, kila mmoja kwa kadiri awezavyo. Mkiisha, waulizeni: paa hili umelitoa wapi? Mtu huyu ni nani? Watajua wenyewe ni wapi walipojua na wapi walipojaza. Ndipo muwaonyeshe picha ya ukumbini, mkamwulize mchoraji wake maswali yale yale. Sisi tumejaribu hivyo tangu siku ile. Yule mvulana alichora Msikiti Mkuu si vibaya, na nyuma yake akachora nyumba ishirini na moja za makuti, moshi ukitoka. Tulimwuliza ushahidi wa zile ishirini na moja. Alisema hesabu amekisia, lakini moshi hakukisia, maana watu walikula.

Hesabu tulimwambia aichore kwa mstari hafifu. Moshi tuliuacha.